Taa Haimwiti Mtu

Sogeeni, wanangu. Kendi, achana na hivyo vikombe, vitaoshwa kesho na mtu mwingine, njoo ukae hapa miguuni pangu nikuone uso. Gikunda, vuta kiti, na hiyo simu uizime, wapangaji wako wa Nchiru hawatakufa kwa kukosa maji jioni moja. Wewe wajina wangu, Mithika mdogo, simama hapo karibu na dirisha lakini usinizibie, maana hilo dirisha nalitumia. Na wewe Nelius, mama, nakuomba usisimame mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya mkutano. Ingia ndani. Umekaa katika boma hili zaidi ya nusu ya maisha yako, ukaolewa na mwanangu Mwongera, ukamzaa huyu anayeitwa kwa jina langu, na bado ukija kwangu unasimama mlangoni. Leo sina nguvu ya kupaza sauti, na karibu yote niliyobaki nayo ya kusema yanakuhusu wewe.

Nitasema Kiswahili. Gikunda angependa mambo mazito yasemwe kwa Kimeru, lakini Nelius ni wa Gachoka, na Kimeru chetu nusu anakisikia, nusu anakisia, na hili sitaki akisie. Tena bahari mimi niliijua kwa Kiswahili. Mama yangu hakuniachia neno la Kimeru la mwamba unaojificha maji yakijaa, wala la mahali ambapo bahari inabanwa kati ya nchi mbili mpaka inageuka kijia. Alikuwa hajaona maji mengi kuliko ya kisima cha kanisa.

Nianze na yaliyo mepesi. Shamba la kule chini mtoni, kuanzia kwenye mkuyu mpaka ua wa ndugu yangu Muthamia, ni la Gikunda, na asiniambie ni la mteremko, kwa sababu amelilima tangu akiwa na meno ya utoto na hajawahi kudondoka. Chai ya huku juu yote ni ya nyumba ya Mwongera, yaani ni ya Nelius na kijana wake, na hakuna kikao kitakachoitishwa kuligeuza hilo nikishafumba macho. Migomba iliyo nyuma ya nyumba hii, pamoja na ardhi iliposimama, nampa Kendi. Gikunda, nimesikia umekohoa. Kohoa umalize. Dada yako ameolewa Embu, ana nyumba yake mtaa wa Majimbo, ana kazi ya ofisi, hayo yote nayajua. Lakini mama yenu Kananu alipokuwa anaugua, aliyepanda gari kila Ijumaa kuja kumgeuza kitandani hakuwa wewe wala mimi. Nampa. Isipokuwa mgomba mmoja katika hiyo nimeshauchagua, ule ulioegemea mawe, na nitawaambia ni wa nini.

Muthamia akija matangani, mpeni chai na mkate, mpeni kiti chenye mto, lakini asipewe kipaza sauti. Nimeishi na ndugu yangu huyo kwa amani ya kupungiana mkono. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa soko kwamba Mithika alisinzia mnarani, taa ikazimika, mwanawe akapotea. Hakuwahi kufika pwani hata kununua nazi. Lile neno lilipanda mlima huu likaingia kila jikoni, mpaka likafika kwenye mto ambao mama yenu alilazia kichwa, na nadhani Kananu alikufa bado halijamtoka. Nilimwambia taa ilikuwa inawaka. Akanijibu, “Basi kama ilikuwa inawaka, mbona mtoto hakufika?” Sikumlaumu. Mtu wa huku hawezi kuuliza vinginevyo.

Nataka mlielewe hilo leo, kabla sijachoka. Mimi nilikwenda Mombasa kutafuta kazi ya bandari, nikapata ya kupaka minara rangi, na mlinzi wa Jiwe la Popo aliposhindwa na upweke wakauliza nani anaweza kukaa bila watu. Nikasema mimi. Kijana aliyelala shambani usiku mwingi akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe-mwitu, ningeshindwaje na kimya? Jiwe la Popo ni kijisiwa kidogo kuliko shamba letu, mbali kabisa kaskazini ya pwani. Hapo kisiwa kikubwa kimeisogelea bara, na bahari inapita katikati kwa shida, miamba huku na miamba kule, na meli zinazokwenda kaskazini lazima zipite mlango huo. Juu ya jiwe wazee wa zamani walijenga mnara, na juu ya mnara kuna taa iliyozungukwa na vioo virefu kuliko mtu.

Mnara wetu ulikuwa wa kizamani. Vioo vilizungushwa na jiwe la chuma lililoning'inia kwa mnyororo katikati ya mnara. Jiwe likishuka, taa inazunguka, na kabla halijagusa chini unalipandisha tena kwa mkono, unazungusha chuma mpaka bega linalia. Taa ya mnara haitakiwi kusimama. Kila mnara una mwendo wake wa kumulika, na nahodha akiwa mbali huuhesabu mwendo huo akajua yuko wapi. Taa ikisimama, itakuwa inamdanganya. Ndiyo maana mkiniona usiku navuta blanketi, navuta na kuachia, navuta na kuachia, msinishike mikono mkifikiri nina homa. Napandisha jiwe.

Mwaka ule niliostaafu, mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa akasema, “Huyu mzee wetu alikuwa anaita meli zije nyumbani salama,” na mkapiga makofi. Nilikaa chini, maana ungeanzia wapi? Taa haimwiti mtu, wanangu. Taa ya mnara inasema: hapa nilipo ndipo kwenye mwamba, nitazame vizuri, kisha unipite mbali. Anayeijua bahari akiuona mwali, anageuza. Kazi yangu yote ya ujana na utu uzima ilikuwa kuwafukuza watu. Hakuna hata nahodha mmoja niliyemjua sura, na hiyo ndiyo dalili kwamba nilifanya kazi vizuri.

Lakini huku kwetu mambo yako kinyume. Ukungu ukishuka kama huu wa leo, ukapotea huko juu msituni, ukiona taa kwenye tuta la mlima unafanya nini? Unaifuata. Kuna nyumba, kuna moto, kuna mtu atakayekupa ucuru, uji wetu, wa moto hata kama hakujui. Na kule kwenu, Nelius, kwenye mabwawa ya Tana, ni vivyo hivyo. Mwongera aliteremka Gachoka kuuza viazi, akabaki kuvua samaki, na sababu ya kubaki kwake imesimama pale mlangoni. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, siku moja tukichambua maharagwe, kwamba wake wa wavuvi hutundika taa za chemli ukingoni, kila mke mahali pake, na mwanamume hupiga kasia moja kwa moja mpaka kwenye taa ya mkewe. Ulinieleza ukicheka. Ulisema Mwongera alikuwa wa kwanza kufika kila mara kwa sababu hakujua kuzunguka, alijua kunyoosha tu. Mimi sikucheka, nikainamia maharagwe, na nadhani uliona.

Ulipojifungua huyu wajina wangu, Mwongera hakukubali kutuma habari kwa mtu. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, na babu anatakiwa aambiwe kwa mdomo na mwanawe mwenyewe. Angekuwa mtu wa kabila jingine angepiga simu ofisi ya bandari akamaliza. Yeye alikuachia koti lake zito la sufi, akasema pwani kuna joto, akasafiri mpaka mwisho wa barabara, akakuta mashua inayotuletea chakula imeshaondoka. Watu wa pale ufukweni wakamwambia alale, itarudi. Akasema hawezi kulala na jina la mtu mdomoni. Wakamwambia maji yanajaa. Akawaambia yeye ni mvuvi wa Tana. Walinisimulia hayo baadaye, na waliponisimulia hawakuniangalia machoni. Jua lilipozama akachukua mtumbwi wa mtu na taa ya mkono, akaingia majini.

Usiku ulikuwa safi. Hili nalisema mbele ya Mungu na mbele ya Muthamia kama anasikiliza nje ya ukuta: usiku ulikuwa safi na taa ilikuwa inawaka. Miaka hiyo tulikuwa walinzi wawili, lakini mwenzangu alikuwa ameugua, mashua ilimpeleka bara, nilikuwa peke yangu. Nikaona nukta ya mwanga chini, upande ambao hakuna mtu hupita. Nikajua huyu, awaye yote, haijui bahari. Nikangoja ageuze. Hakugeuza. Kila mwali wangu ulipompitia niliona kasia likipanda na kushuka, kwa bidii, limenyooka kuja kwangu, kama mtu anayewahi chakula kabla hakijapoa.

Nilipiga kengele. Nilitoka roshani nikapiga kelele, nikavua shati nikalipunga. Kuzima sikuweza, meli kubwa ilikuwa imeshaingia mlangoni na watu wake wote, na hata ningezima, giza lisingemtoa mahali alipokuwa amefika. Kumfuata, ningemfuata na nini? Nilikuwa na taa kubwa kuliko zote za upande ule, na sikuwa na uwezo wa kufanya lolote ila kummulikia njia ya kuendea mwamba. Halafu akaniona. Mwali ulimpiga, akaacha kasia, akasimama ndani ya mtumbwi, akainua taa yake na kuipunga juu. Alidhani ninamkaribisha. Mwali ukazunguka ukaenda upande wa bara, na uliporudi palikuwa na povu tu.

Sikujua ni nani. Niliendelea kupandisha jiwe mpaka kukapambazuka, kwa sababu meli ilikuwa bado mlangoni. Asubuhi watu wa ufukweni wakaja na mwenye mtumbwi, wakaniuliza kama mwanangu amefika. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepata mjukuu na kwamba ana jina langu. Tulimtafuta mpaka maji yakatuchosha. Bahari ya pale haina tabia ya kurudisha.

Naona Kendi unalia. Lia, mama, lakini usinitikise mguu, unauma.

Nililirudisha neno hilo hapa nyumbani kwa miguu yangu, nikawaambia Mwongera amekufa, nimemwona. Na hakuna aliyenisikia. Muthamia akasikia kwamba nilisinzia. Kananu akasikia kwamba taa haikuwaka. Nelius ukasikia kwamba hakukupatikana mwili. Tangu siku hiyo ukaanza kutundika taa nje ya jiko lako, kwanza chemli, halafu stima ilipokuja ukatundika balbu, na stima ikipotea unarudi kwenye chemli. Hata siku ulipojikata mguu kwa jembe ulitoka ukichechemea ukaiwasha. Mtu wa Nchiru alipokuja na hadithi kwamba amemwona Mwongera Mombasa akipakua magunia, ulikwenda, ukakaa huko, ukarudi na miguu imevimba, na jioni hiyo hiyo ukawasha. Leo umeiwasha mapema kwa sababu ya ukungu. Naiona kutoka hapa. Tangu niliposhindwa kuinuka, kitanda changu kinaitazama.

Nilikuambia siku moja, “Mama, taa haimrudishi mtu.” Ukanijibu kwa ule upole wako unaoudhi, “Baba, wewe uliwashia watu usiowajua, na hawakukuletea hata asante. Mimi nawashia mmoja.”

Sasa mgomba. Wajina, wewe umekulia shuleni na mjini Embu, labda hukuwahi kuelezwa sawasawa. Mtu wetu akifia mahali ambapo mwili haupatikani, tunamzika kwa mgomba. Shina linakatwa kimo chake, linavikwa nguo yake, linalazwa kaburini na watu wanalia kilio chao chote, halafu mambo yanaisha, mke anajua yeye ni mjane, watoto wanajua baba yao amelala wapi. Mchungaji amesema hawezi kuombea mgomba. Asiombee, aje anywe chai. Lakini nguo lazima itolewe na mkono wa mke, si wa kaka, si wa dada, si wa baba, maana ni yeye aliyempokea na ni yeye wa kumwachilia. Na nguo iliyobaki ya Mwongera ni lile koti la sufi, na koti liko ndani ya sanduku, na sanduku liko chumbani kwa Nelius.

Mimi ni baba mkwe. Mguu wangu haujawahi kuvuka kizingiti cha chumba hicho na hautavuka, hata hiki kitanda kingeshika moto na mlango wa pekee uwe huo. Gikunda, wewe ulikuja na nyundo, ukasema, “Mzee, hii maneno imekuwa mrefu, wacha nivunje hii sanduku tumalize.” Nikakuambia siku utakayogusa sanduku la mke wa ndugu yako, usinizike. Bado nasema hivyo. Sitaki koti la kunyang'anywa. Wazee wa baraza la Njuri wangeweza kumwamuru, na sikuwaita. Laana ya baba anayekufa ingeweza kumwamuru, na ninyi nyote mnaiogopa, nimeona mnavyokaa. Sina laana ya kumpa mtu aliyenipikia uji tangu mke wangu afe. Kwa hiyo nimebaki na kuomba tu. Mzee mzima, mwenye shamba, mwenye watoto, ninalala hapa naomba koti.

Nelius, nisikilize, sasa nasema na wewe peke yako, hawa wengine wamekaa tu. Watu watakuambia nataka mgomba kwa sababu ya kikaratasi cha kugawa shamba. Shamba nimeshagawa, umesikia, chai ni yako, mwanao akitaka kuoa ana pa kujenga. Watasema ni kwa sababu wakwe wa kijana wataulizia kaburi la baba yake. Wataulizia, ni kweli, na atawajibu anavyojua. Sababu yangu ni nyingine. Ni mimi tu niliyemwona. Pale mnarani sasa hakuna mtu, wameweka taa inayojiwasha yenyewe, na hata jua likizama hakuna jicho linalotazama. Watu wa ufukweni wamezeeka, mwenye mtumbwi nilisikia amekufa. Nikienda mimi, kifo cha Mwongera hakitakuwa na mtu aliyekiona. Kitakuwa maneno ya Muthamia na maneno ya yule wa magunia. Mwanangu alikufa akinipungia mkono, akiwa na furaha, ana jina langu mdomoni, na nikishazikwa mimi atageuka mtu aliyetoroka mke. Hilo naliogopa kuliko hiki kifua. Na mwana aliyetangulia kufa anatakiwa atangulie kuingia udongoni. Msinilaze mimi kwanza, nikamwacha mtoto nje.

Nakuomba, mama. Ulikuwa msichana. Nimekutazama ukiota mvi chini ya hiyo balbu. Nilikuambia ukitaka kuolewa tena sitakuzuia, ukanikasirikia wiki nzima, nikala uji usio na sukari. Sina kingine cha kukuambia. Zima taa, unipe koti. Kama huwezi, basi niambie huwezi, nitalala nikijua.

Unakwenda wapi? Nelius.

Gikunda, kaa chini. Mwache. Kaa chini nimesema. Wajina, na wewe usimfuate mama yako. Kama amekasirika ana haki, nimemsema mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwacheni aende zake jikoni, alie, arudi au asirudi. Nimeshindwa na mengi, na hili naweza kulibeba pia.

Wekeni huo mto juu kidogo. Hivyo. Nipeni maji, kidogo tu, ya kulowesha ulimi.

Niwaagize yaliyobaki. Mnichimbie karibu na Kananu, lakini muache nafasi kati yetu, nafasi ya mtu mmoja, mnajua ni ya nani. Jeneza la mbao za kwetu, fundi Kaimenyi anajua, asiliwekee kioo, nimeangalia kupitia vioo vya kutosha. Msikodishe hema la watu wa mjini. Mkiniandika kwenye msalaba, andikeni jina langu tu, msiandike mlinzi wa taa, watu watauliza maswali na Muthamia atajibu. Gikunda, usimpandishie yule mwanafunzi wa chumba cha mwisho kodi mpaka amalize masomo, mama yake alinipigia simu. Mlimie dada yako migomba yake pale atakapokosa nafasi, na umpelekee ndizi Majimbo, asiombe. Kendi, ukija nyumbani lala kwa Nelius, usilale kwa kaka yako. Nyumba yake isikae kimya.

Leteni mikono. Wote. Kendi, wa kwanza, kwa sababu uko karibu. Kwetu baba hubariki kwa mate, na mate yenyewe yamenikauka, lakini chukueni hiki kidogo. Mungu awape usingizi. Awape mvua isiyobomoa. Awape watoto wanaojua njia ya kurudi nyumbani. Gikunda, mkono wako umekuwa wa mzee, lini? Mungu akutulize hasira. Wajina... wajina wangu. Jina hili lilikuja kwa gharama kubwa, mjukuu wangu. Ulibebe taratibu. Usilikimbize.

Nyamazeni kwanza.

Mbona kumeingia giza? Mithika, umeniziba dirisha. Sogea. Hujaziba? Uko huku upande wa mlango... Ni nani basi. Ni ukungu. Ndiyo, ukungu umeshuka mpaka chini.

Hapana. Imezimwa.

Amezima.

Ingia, mama. Wapisheni njia. Umelileta... Weka hapa juu ya kifua, nilishike. Zito. Limepigwa pasi, tazameni, kola yake imepigwa pasi. Lina harufu ya sabuni tu, Nelius, umelifua mpaka Mwongera mwenyewe ametoka ndani yake. Asante. Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile jingine. Usilie hivyo, njoo, kaa hapa kitandani, leo hakuna mkwe wala nini, kaa.

Kesho asubuhi, Gikunda. Ule mgomba ulioegemea mawe. Nimeupima kwa macho kila siku, ni kimo chake. Ukate chini kabisa, usiuburute, ubebwe na watu wawili. Nelius auvike. Mikono ndani ya mikono ya koti... fungeni vifungo vyote, kuna baridi. Kama nitakuwepo, nibebeni nione. Kama sitakuwepo, yeye kwanza. Mimi baadaye. Mmesikia? Yeye kwanza.

Nimechoka sasa.

Msinishike mikono. Jiwe linashuka, lazima... mtu alipandishe. Bado kuna meli mlangoni.

Kweusi sana huko nje. Sikujua kuna weusi namna hii. Miaka yote hiyo nikilala hapa kulikuwa na... Kendi, mlango uko wapi? Sioni jiko. Sioni tuta. Mtu akija kutoka barabarani na ukungu huu atashikilia nini?

Nelius.

Iwashe, mama. Najua nilivyosema. Kesho mtazima, kesho mgomba, nimeshasema na sigeuzi. Lakini leo... leo tu, iwashe. Mwongera hajui njia.